Chuchu ya Ndama

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini namchoma dada yangu pini.

Naanzia kidole gumba cha mguu. Hasikii. Kisigino, hasikii. Napanda na mguu taratibu, yeye huku anachambua maharage kama vile mguu ni wa jirani, mpaka anaposema "hapo". Hapo ndipo ganzi inapoishia. Tunaweka alama kwa kalamu. Jumatatu alama ilikuwa chini ya goti. Jumatano ikawa juu ya goti, vidole viwili.

"Imepanda," nikasema.

"Nina macho, Amba. Huyo Bibi wenu kafa au?"

"Hajafa. Kagoma."

"Anadai nini?"

"Dada, ni seli."

"Hakuna anayegoma bila sababu. Kamuulize."

Alisema kiutani, ila mikono ilikuwa imeacha maharage. Tupokigwe ndiye aliyenilea. Mama alipoondoka yeye alikuwa na miaka kumi na nne, mimi minne, tukabaki na ng'ombe wawili. Sasa chupa yake ya mwisho ya dawa ilikuwa imeisha Jumapili. Ganzi ikifika kifuani mtu anasahau kupumua. Hilo nyumbani kwetu halisemwi, ila ile kalamu inalisema kila siku.

*

Bibi siyo mtu. Ni seli, moja tu. Ni kama hizo zilizojaa mwilini mwako ambazo huzioni, ila hii ina ukubwa wa nyumba ya vyumba viwili na inakaa ndani ya tangi la chuma pale Kituoni. Zamani kilikuwa kituo cha kupozea maziwa, na ukuta wa nje bado una picha ya ng'ombe iliyofifia. Ukipanda ngazi ukachungulia ndani unaona kitu kama ute wa yai, kinang'aa, kinatetemeka kidogo. Wageni wakichungulia huwa wanaacha kuongea. Nimeshaona mbunge ananyamaza dakika nzima.

Mimi ndiye mkamuaji wake. Shule niliacha kidato cha pili, sikufukuzwa na mtu, nilichoka kukaa. Profesa Atuganile alinichukua kwa sababu nilimwambia nakamua tangu nina miaka saba na sijawahi kupigwa teke. Akacheka, akasema madaktari wake watatu wameshapigwa tayari.

Yeye maisha yake yote amesoma kitu kimoja. Akikueleza unaona ni kitoto. Mchana akinywa supu anakuonyesha: matone mawili ya mafuta yanaelea, yanasogeleana, yanagusana, ghafla ni tone moja. "Hapo," anasema, "hapo katikati. Kabla yalikuwa mawili. Baadaye moja. Nini kimetokea hapo katikati?" Supu inapoa. Ameuliza hilo swali kwa miaka thelathini na mmoja. Anasema mwili mzima unaishi kwa hilo. Seli inafunga mzigo kwenye kifuko, kifuko kinabebwa mpaka ukutani, kinaungana na ukuta, mzigo unamwagika nje. Ukifikiria, ukicheka, ukimeza mate, ni vifuko vinafunguka. Ganzi ni vifuko vya mishipa vinafika ukutani na kukwama. Basi. Ugonjwa wote ni mlango uliogoma.

Ndiyo maana akamtengeneza Bibi. Alichukua seli ya shavu lake mwenyewe, akaiunganisha na nyingine, na nyingine, kuta zinafutika, mpaka akapata moja isiyoacha kukua, na vya ndani vinakua nayo. Ndani ya vifuko vyake kuna vingine vidogo, na hivyo vidogo ndivyo dawa. Mgonjwa akichomwa sindano, vinasafiri hadi kwenye mshipa uliolala, vinaungana nao, unaamka. Bila dozi mpya unalala tena.

Na pale maabara kuna sheria moja. Ukisema Bibi anataka, au Bibi kakasirika, unaosha chupa zote za siku hiyo. "Seli haitaki kitu," Profesa anasema. "Ina kemia. Kutaka ni kwenu." Mimi nimeosha chupa nyingi sana.

*

Nilipofika Jumatano niliwakuta kwenye ngazi, Profesa na Ngowi. Ngowi ni meneja wa ugawaji, anatembea na orodha ya wagonjwa mfukoni, majina mia sita na kumi, na haitoi kwa sababu ameshaikariri.

"Mama, ndoo nzima," Ngowi alikuwa anasema. "Kijiko hakijafanya kazi, vitatu havijafanya kazi. Tia ndoo."

Walikuwa wanaongelea chokaa. Chumvi ya chokaa ndiyo inayofungua. Ukitia kijiko kwenye maji ya tangi, vifuko vyote vilivyopanga foleni ukutani vinafunguka, tunavuta dawa kwa bomba la mpira. Ndiyo kukamua kwenyewe.

"Ndoo itafungua mpaka visivyotakiwa kufunguka," Profesa akasema. "Atapasuka. Halafu utakamua nini wiki ijayo?"

"Wiki ijayo kuna watu kwenye orodha hawatakuwepo."

Profesa akaniona. "Amba. Wiki mbili zilizopita tulikamua namna gani?"

Alijua. Alitaka nilitamke. "Mpaka tone la mwisho," nikasema. "Siku kumi mfululizo. Orodha ilikuwa imeongezeka."

"Ulisema neno?"

"Sikusema."

Ilikuwa inanikereketa tangu siku ile. Kwetu hakuna anayekamua chuchu zote nne. Tatu zako, ya nne ya ndama. Hata njaa iwe ya namna gani. Ukikamua nne, ng'ombe anaanza kuzuia maziwa, unavuta mpaka vidole vinauma, kiwele kimejaa na hutoi kitu. Nilitaka kusema. Ila Bibi hana ndama, nikaona nitaonekana mshamba mbele ya madaktari, nikakaa kimya.

"Ingia ukaangalie," Profesa akasema. "Usibandike nembo ya anwani kwenye kifuko. Waache wakupeleke wanakopeleka vitu vyao."

Ngowi akaniangalia. "Na kutoka je? Milango si imegoma?"

"Hewa ya dakika arobaini," Profesa akasema. "Ikifika ya thelathini na tano hajatoka, namkata Bibi kwa kisu."

Aliongea polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Miaka thelathini na mmoja ilikuwa mle ndani ya tangi.

*

Kuingia ni hivi. Unavaa suti, unapakwa mafuta ya utando wake mwenyewe kuanzia kofia hadi buti, unashuka kwenye maji, unamwegemea. Usisukume. Anayesukuma hapokelewi. Egemea tu, kama unavyoegemea ubavu wa ng'ombe ili akuzoee. Utando unabonyea. Unakuzunguka mabega, unakufunika uso, halafu nyuma yako unajifunga wenyewe na huoni hata kovu la mlango. Upo ndani ya kifuko, na kifuko kipo ndani ya Bibi. Mara ya kwanza nilijikojolea, nasema ukweli.

Halafu macho yanazoea, na unasahau suti imelowa.

Nimeingia zaidi ya mara mia mbili na bado sina maneno yake. Kuna kamba. Maelfu ya kamba zinazopita kila upande, zimekazwa, nyeupe kama ukungu wa huku kwetu jua linapoupasua. Na juu ya kamba kuna wapagazi. Kila mmoja urefu wa kidole. Hana kichwa, hana macho, ni miguu miwili na mabega, na mabegani amebeba kifuko kikubwa kuliko yeye mara ishirini. Anatembea. Mguu mmoja mbele, mwingine unazunguka, mbele tena. Hakimbii wala hasimami. Akikutana na mwenzake anayerudi mtupu wanapishana bila kugusana. Profesa anasema hata ndani yako wapo, wadogo zaidi, sasa hivi unavyosoma, wanabeba, na hujawahi kuwashukuru.

Wapagazi kama mia wakanidaka. Nilihisi miguu yao kupitia kifuko, kama mvua nyepesi juu ya bati. Wakaanza safari.

"Unaonaje?" Sauti ya Profesa, kwenye kofia.

"Upande wa bomba foleni ni ile ile. Vimejaa ukutani vimekwama. Ila Mama, wapagazi hawaelekei huko tena."

"Wanaelekea wapi?"

"Nyuma. Kule tangi linakogusana na ukuta wa jengo."

Upande ule hauna dirisha. Hakuna aliyewahi kuuangalia, kwa sababu hapakuwa na kitu.

Sasa kamba zote zilikuwa zimeinama kwenda huko, kama nyasi upepo ukipita. Vifuko vilinizunguka, mamia, vyote vinaenda njia moja na sisi, vinang'aa rangi ya asali. Nilihisi nipo kwenye msafara wa harusi ya watu nisiowajua. Halafu njia ikawa nyembamba, ikawa shingo, nene kama paja langu. Wapagazi wakasimama. Nikaweka uso kwenye utando nikachungulia upande wa pili.

Kulikuwa na mwingine.

Mdogo, kama gunia la viazi. Ndani yake kulikuwa na kamba kumi na mbili, nilizihesabu, changa, bado zinajisuka, zinafika mahali zinakosea, zinajifumua, zinaanza upya. Kulikuwa na mpagazi mmoja. Mmoja tu, hana mzigo. Alikuwa anatembea huku na huku juu ya kamba ya kwanza kama mtu anayejaribu viatu.

"Amba? Ongea."

"Bibi ana ndama."

Nikasikia pumzi yake.

"Haiwezekani," akasema. "Nilimwondolea kugawanyika. Nilikata mwenyewe hiyo sehemu."

"Mama, namwangalia. Ameshikamana naye kwa shingo. Vifuko vyote vinapelekwa huku, vimefika shingoni vinasubiri. Katupunguzia sisi ili ampe yeye."

Nilisema kama vile Bibi ana akili. Hakunikumbusha chupa.

*

Ngowi ndiye aliyelisema. Alichukua kipaza sauti mkononi mwa Profesa, nilisikia kikigongana.

"Dogo, sikiliza. Hiyo shingo unaweza kuifikia?"

"Naifikia."

Ukinyoosha mkono, utando wa kifuko unanyooka na wewe kama glovu.

"Ibane. Mikono miwili, bana kwa nguvu, itajikata yenyewe. Si ndiyo Mama? Zikibanwa zinajikata?"

"Zinajikata," Profesa akasema kwa mbali.

"Kile kidogo kitakufa, vifuko vitarudi upande wetu, tunakamua saa nane. Dada yako wa ngapi kwenye orodha? Mia nne na tatu. Tupokigwe Mwaisaka. Nimemkariri, Amba. Wote nimewakariri."

Wala hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemtukana ikaisha.

Nikanyoosha mikono nikaishika ile shingo.

Ilikuwa ya moto. Na ilikuwa inapiga, siyo kama moyo, ni vifuko vichache vinavyofaulu kupita, kimoja, kimya, kimoja. Umeshawahi kumshika ndama koo wakati ananyonya? Unahisi mafunda yanapita. Ilikuwa hivyo hivyo. Niliwaza ile alama juu ya goti. Niliwaza kesho itakuwa vidole vinne, na keshokutwa kiunoni, na dada yangu anachambua maharage anaangalia mahali pengine. Nikabana kidogo. Mafunda yakasimama. Kule upande wa pili yule mpagazi mmoja akasimama pia, mguu mmoja juu.

"Mama," nikasema. "Wewe unasemaje?"

"Sina haki ya kukuamuru. Seli ni yangu na dada ni wako."

"Sijauliza haki. Nimeuliza unasemaje."

"Miaka thelathini na mmoja nimeandika kwamba humo ndani hamna mtu," akasema. "Bado naamini hamna mtu. Ila sijui kama ni lazima kuwe na mtu."

Nikaachia. Mafunda yakaanza tena. Mpagazi akashusha mguu.

"Dakika ishirini na mbili," akasema Profesa.

"Mama, ng'ombe akizuia maziwa kwetu hatumpigi. Tunamleta ndama. Ananyonya kwanza, mama yake anatulia, maziwa yanashuka. Ndiyo unaingia wewe, unachukua tatu, unamwachia yake. Tia chokaa kijiko kimoja, huku nyuma. Usitie upande wa bomba. Mpe ndama kwanza."

"Hizo ni dozi za watu!" Ngowi.

"Ni za huyu."

"Na zikiisha zote huku? Na wewe utatokea wapi?"

Nikasema sijui. Kweli sikujua. Ng'ombe nawajua, Bibi namjua kidogo, na nilikuwa nimekaa ndani ya mfuko usio na mlango nikitoa maagizo kwa profesa.

Nikasikia kijiko kikigonga ukingo wa tangi. Alikuwa ameshatia.

Mwanzoni hamna. Halafu vile vifuko vya asali vilivyonizunguka vikaanza kufunguka ndani ya shingo, kimoja, kumi, vyote, bila sauti, na mwanga ukamwagika kwenda kwa yule mdogo mpaka kamba zake kumi na mbili zikawa nyeupe zote. Wapagazi wakatokea kule. Sikuona wametoka wapi. Walikuwa hawapo, wakawa wapo, wanne, tisa, wanajipanga, wananyanyua. Nililia. Nilikuwa na kofia, hakuna aliyeona.

"Dakika thelathini," akasema Profesa. "Amba, kisu ninacho mkononi."

"Subiri."

"Thelathini na moja."

Halafu kamba zikanyooka. Kamba zote za Bibi, zile zilizoinama, zikarudi polepole mahali pake kama mtu anayeshusha mabega. Wapagazi wangu wakageuka. Nilipachika nembo nyekundu, anwani ya ukutani, ndani ya kifuko changu na wakanibeba kwenda upande wa bomba, mwendo ule ule, hawajui habari ya dakika. Thelathini na tatu tukafika. Kifuko kikagusa ukuta. Kikakaa.

"Kijiko sasa, Mama. Huku."

Uso wangu ulikuwa umebanwa pale pale panapogusana. Siku zote nilikuwa natoka mgongo kwanza, na hakuna mtu aliyewahi kuangalia kutokea ndani, na macho wazi, akijua anaangalia nini. Ukuta wa Bibi na ukuta wangu, mbili, naziona mbili. Tobo likatokea, dogo kama tundu la sindano, mwanga wa nje ukapita, mwembamba kama uzi. Likasita. Naapa lilisita, kama linaweza kurudi. Halafu hazikuwa mbili. Sikuona mlango unafunguka. Niliona tu hapakuwa na ukuta, na maji yakanipokea.

*

Tulikamua mpaka saa tisa. Robo tatu ya kawaida. Nilipoona mkondo umepungua nilifunga bomba mwenyewe, na Ngowi aliutazama mkono wangu kwenye bomba, akatoa orodha mfukoni kwa mara ya kwanza, akaanza kugawa upya kwa kalamu. Kila mtu apungukiwe kidogo, asikose mtu. Hakuongea na mimi siku hiyo. Hajaongea vizuri na mimi hadi leo.

Profesa alinikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikiwa bado nachuruzika mafuta.

"Lilisita?" akauliza.

"Lilisita."

"Muda gani?"

"Kama... kama mtu akiitwa jina lake kabla hajaitika."

Alifumba macho. Alikaa hivyo, mama wa miaka sitini na tano, mikono mapajani. Halafu akasema, siyo kwangu, "Alitaka kumlisha kwanza."

Akainuka, akakunja mikono ya koti, akaenda kwenye sinki, na akaanza kuosha chupa. Zilikuwa mia na ishirini. Nilitaka kumsaidia akanifukuza.

*

Jumatatu iliyofuata nilimchoma dada yangu pini. Gumba, hasikii. Kisigino, hasikii. Nilipanda mpaka juu ya goti, vidole viwili, kwenye ile alama ya Jumatano iliyokuwa imeanza kufifia.

"Hapo," akasema.

Sikuhitaji kuchora nyingine. Nilipitishia kalamu juu ya ile ile.

"Haijapanda," nikasema.

"Haijashuka pia." Nilikuwa nimeshamweleza yote, shingo, mikono yangu, kila kitu. Alikuwa amenyamaza siku mbili, na mimi sikumlaumu. Sasa alichukua bakuli lake la maharage, akachambua, akatupa jiwe moja dirishani. "Ningekuwa mimi ningebana."

"Najua."

"Nisingebana," akasema baada ya muda. Akachambua tena. "Huyo ndama. Ni jike?"

"Dada, ni seli."

"Nimekuuliza ni jike?"

Nikafikiria wale wapagazi tisa, wanavyojifunza kubeba.

"Jike," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanisogezea fungu langu la maharage. "Basi usimkamue mapema," akasema. "Muache akue."